Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: Mtu mzima naye afunguliwe mlango wa chanjo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Mganga Mkuu wa Serikali,
na wajumbe wa kamati ya Bunge inayosimamia afya,
Dodoma.

Yah: Chanjo za watu wazima katika zahanati na vituo vya afya vya umma

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Nimeiandika barua hii wazi kwa sababu jambo lenyewe linagusa wizara mbili na Bunge kwa pamoja, na kila nilipolisikia likitajwa vikaoni, kila upande uliona ni la mwenzake. Nimefanya kazi ya uuguzi katika vituo vya umma hadi nikastaafu, sehemu kubwa nikiwa kliniki ya mama na mtoto. Ombi langu nalisema mapema ili mwenye haraka asilikose: kila zahanati inayomchanja mtoto impokee pia mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, kwa chanjo chache zilizochaguliwa, na gharama yake iwemo ndani ya bima ya afya kwa wote.

Tangu Mpango wa Taifa wa Chanjo uanze mwaka 1975, nchi yetu imejenga kitu ambacho hatukisifu vya kutosha. Jokofu la chanjo limefika mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki. Mama anayeishi saa mbili za mguu kutoka kituoni anaijua tarehe yake ya kurudi bila kukumbushwa. Mwaka 2002 tukaongeza kinga ya homa ya ini aina B kwa watoto, baadaye zikaja za nimonia na kuhara, na mwaka 2018 wasichana wakaanza kupata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Wauguzi wa umri wangu tumehudumu katika wodi za surua. Wauguzi vijana wengi wanaisoma surua kali vitabuni. Hakuna atakayeniambia kwamba Serikali haijui kuchanja watu.

Sasa tazameni kadi ya mtoto inakoishia. Kwa ratiba yetu, dozi ya pili ya surua na rubella hutolewa mtoto akifikisha miezi 18. Kwa msichana kuna chanjo ya saratani mbele yake, na akishika mimba kuna sindano ya pepopunda. Kwa mvulana, ratiba ya kawaida inamaliza hapo. Miaka 20, 40, 60 inayofuata, hakuna mtu wa Serikali atakayemuuliza tena habari ya chanjo, ila akikanyaga msumari na kujipeleka mwenyewe, au akitaka kusafiri.

Mwanamume wa miaka 40 akiingia leo katika zahanati ya kijiji chake na kusema, "Nimekuja kuchanjwa," nesi atamtazama kwa mshangao. Hana rejista ya kumwandika. Rejista za chanjo za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zimepangwa kwa watoto na kwa wanawake. Dozi zilizomo kwenye jokofu zimeagizwa kwa hesabu ya watoto wanaotarajiwa na wajawazito wanaotarajiwa, na akimpa huyu baba dozi moja, mwisho wa mwezi hesabu itamkataa na mratibu wa chanjo wa wilaya atamwuliza imekwenda wapi. Kwa hiyo atamwambia aende mjini, akajaribu hospitali kubwa. Baba ataondoka, na hatarudi kuuliza tena. Mnasema watu wazima hawaipendi chanjo. Baba huyu alikuja kwa miguu yake.

Nianze na pepopunda, kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi.

Vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, na havitatoweka hata tuchanje dunia nzima. Haviambukizi kutoka mtu kwenda mtu, na maana yake ni kwamba chanjo ya jirani yako haikukingi wewe. Kwa surua, kijiji kikichanjwa vizuri hata yule mmoja aliyekosa anapata ahueni. Kwa pepopunda kila mtu anasimama peke yake na kinga yake. Hata aliyeugua akapona hapati kinga kwa kuugua. Naye ni lazima achanjwe. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi sita, tatu za uchanga na tatu za kuongezea nguvu mpaka umri wa ujana, kwa kuwa zile tatu za mwanzo hufifia. Wanaume watu wazima wa leo, waliobahatika, walipata zile tatu za uchanga. Wazee wengi hawakupata hata hizo.

Tuliwakumbuka wanawake, na tulifanya vyema. Mwanamke akikamilisha dozi tano katika nafasi zake, ya pili wiki nne baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baadaye, kisha ya nne na ya tano kwa kuachana mwaka mmoja mmoja, anakingwa kipindi chote cha uzazi, na mtoto wake anazaliwa na kinga. Pepopunda ya watoto wachanga, iliyokuwa ikiua kimyakimya majumbani katika wiki za kwanza za maisha, tumeisukuma nyuma. Lakini nani analima, anachimba mchanga na mawe, anachunga, anajenga, anaanguka na bodaboda? Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, waliwahi kuandika juu ya wagonjwa 102 wa pepopunda waliolazwa hapo kwa muda wa miaka kumi. Karibu wote walikuwa wanaume, wengi wao vijana na watu wa makamo, na zaidi ya asilimia 40 walifariki. Walikufa kwa ugonjwa ambao chanjo yake ilikuwa kwenye jokofu la kliniki ya mama na mtoto, hatua chache kutoka dirisha walilokatia kadi ya matibabu.

Aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa pepopunda hawezi kulisema hili kwa sauti ya kawaida. Mgonjwa ana akili timamu muda wote. Taya limefunga, mgongo umepinda kama upinde, na mlango ukigongwa kidogo tu mwili wote unakakamaa upya. Tunaziba madirisha kwa shuka apate giza, tunanong'ona. Anahitaji chumba cha uangalizi maalumu, dawa ya kuzuia sumu, dawa za usingizi, pengine mashine ya kupumulia, kwa wiki kadhaa. Familia inauza shamba. Na hata kwa hesabu kavu ya fedha, bila kutia huruma ndani yake, sindano tatu za kuongezea nguvu ni rahisi mno ukilinganisha na wiki moja ya kitanda kile.

Kuna sababu nyingine ya kumchanja mwanamume, na sijaisikia ikisemwa na wakubwa. Mwaka 2014, jirani zetu Kenya walipofanya kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49, maaskofu wa Kanisa Katoliki waliihoji hadharani, wakidai kuwa ndani yake mna kitu cha kuzuia uzazi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walijibu kwamba chanjo ni salama, nami nasimama na jibu hilo kwa sababu nimeitoa chanjo hii kwa wanawake wasiohesabika na nimewapokea tena wakija na mimba zao. Hata hivyo uvumi ulivuka mpaka, tukaulizwa kliniki. Na swali walilouliza akina mama lilikuwa la haki kabisa: kama ni ya pepopunda, kwa nini hamuwachomi wanaume? Tulikuwa na jibu la kitaalamu, kwamba lengo lilikuwa kumkinga mtoto mchanga. Jibu hilo ni sahihi, na halikumridhisha hata mmoja. Siku mume na mke watakapokaa benchi moja wakisubiri sindano ileile kutoka kichupa kilekile, uvumi huo utakosa pa kushika.

Najua hoja itakayotolewa kuhusu upotevu wa dozi. Chanjo hii ya pepopunda na dondakoo huja katika kichupa cha dozi 10, na nesi anaogopa kukifungua kwa ajili ya mtu mmoja. Hofu hiyo ina haki kwa chanjo ya surua, ambayo kichupa kikishafunguliwa hutupwa baada ya saa sita. Kwa pepopunda sivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kichupa kilichofunguliwa kitumike hadi siku 28, mradi kimehifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, hakijaganda na kiashiria chake cha joto hakijafikia rangi ya kutupwa. Tena wanaume wakianza kuja, vichupa vitakwisha haraka zaidi na upotevu utapungua.

Waheshimiwa, sasa homa ya ini aina B.

Kila Mtanzania aliyezaliwa kabla ya mwaka 2002 alikua bila chanjo hii katika ratiba yake. Hao ndio walimu wetu, madereva, askari, mama lishe, wabunge, na ndio wauguzi wengi walioko kazini sasa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya virusi hivi, na kwamba ugonjwa huu uliua watu milioni 1.1 mwaka huo, wengi kwa ini kusinyaa na saratani ya ini. Virusi vyenyewe vinavumilia kukaa nje ya mwili kwa siku saba au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza: kwenye wembe, kwenye mashine ya kinyozi, kwenye tone la damu lililokauka juu ya meza ya maabara.

Mtaalamu mmoja wa wizara atawaambia kuwa mtu mzima akiambukizwa, uwezekano wa kubaki na maambukizi sugu hauzidi asilimia 5, wakati kwa mtoto mchanga ni karibu asilimia 95, hivyo fedha ziende kwa watoto. Takwimu hizo ni sahihi, na sitaki mtu awapunguzie watoto dozi hata moja. Ila mtoto mchanga anaambukizwa na nani? Anaambukizwa na mama, wakati wa kuzaliwa. Chanjo yetu ya mchanganyiko inaanza wiki ya 6. Msichana wa miaka 20 akichanjwa dozi zake tatu kabla hajashika mimba, tumewakinga wawili. Na wapo watu wazima ambao kwao ile asilimia 5 haituambii chochote cha kutuliza: wanaoishi na VVU, ambao mwili wao hushindwa mara nyingi zaidi kuvifukuza virusi hivi, na wanaogusa damu kila siku kwa ajili ya mshahara.

Hawa wa mwisho nawasemea kwa nguvu zote. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B ikimchoma mtumishi asiye na kinga, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa VVU ni kama asilimia 0.3. Wote tumefundishwa kukimbilia dawa za kinga ya VVU ndani ya saa 72, na ni sawa, tukimbie. Lakini hatari iliyo kubwa zaidi kwa mbali, na yenye chanjo, tumeiacha iwe suala la mfuko wa mtu. Nimewaona wanafunzi wa uuguzi wakiingia wodini kwa mafunzo huku chuo kimewaambia wakajilipie chanjo, na wazazi wao wameshindwa hata kumaliza ada. Nimemwona mfanyausafi wa mkataba, mama wa makamo, akichambua taka kwa glovu zilizochanika, na sindano ikamchoma kidole kupitia mfuko mweusi. Alipouliza kama yeye yumo kwenye orodha ya kuchanjwa, akaambiwa ni mtumishi wa kampuni, si wa hospitali. Virusi havisomi mkataba. Anayebeba taka zetu hatarishi ni mtu wa kwanza kuchanjwa, kabla ya mkurugenzi, kabla yangu.

Historia ya ukanda wetu ina funzo ambalo lingepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mganga mfawidhi. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mwaka 1977, katika mji wa Merca, Somalia. Alikuwa kijana wa miaka 23, na alikuwa mpishi wa hospitali. Kampeni ya ndui ilikuwa imewazunguka pande zote, watumishi wa hospitali walitakiwa kuchanjwa, na yeye aliponyoka kwa kuogopa maumivu ya sindano. Aliambukizwa kwa kupanda gari lililobeba watoto wawili wagonjwa, safari fupi ya kuwaonyesha njia. Alipona, na katika miaka ya baadaye akajitolea kuhamasisha chanjo ya polio kwa watu wake, akiwaeleza yaliyompata, hadi alipofariki mwaka 2013. Dunia nzima ilikuwa imeshaukaribia ushindi, na mlango uliobaki wazi ulikuwa wa jikoni mwa hospitali. Mpishi, mlinzi, dereva, mfanyausafi: tukihesabu watumishi wa afya, tuwahesabu.

Mnayo tayari milango ya kuwafikia watu wazima, na hamjaitumia. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima kila chupa ya damu kwa VVU, kaswende na homa za ini B na C. Maelfu ya Watanzania waliijua hali yao ya ini kwa mara ya kwanza kwa sababu walijitolea damu. Anayekutwa na maambukizi hupewa ushauri na kuelekezwa kliniki. Anayekutwa salama anapewa asante na soda. Hapo hapo mngempa dozi ya kwanza! Ni mtu mwenye moyo, amekwisha kunja shati, majibu yake yanajulikana, na atarudi kutoa damu baada ya miezi michache, hivyo hata ratiba ya dozi ya pili na ya tatu, mwezi wa kwanza na wa sita, anaweza kuifuata. Kliniki za CTC, za matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU, nazo zinawaona watu walewale kwa miaka. Kliniki za kisukari na shinikizo la damu vilevile. Hakuna jengo jipya la kujenga.

Kuhusu kichaa cha mbwa nitasema kwa ufupi, maana hapa hakuna ubishi wa kitaalamu hata kidogo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu hauna tiba. Anayeumwa na mbwa anaokolewa na kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha chanjo bila kuchelewa. Njia ya kuchoma ndani ya ngozi, sehemu mbili, siku ya 0, ya 3 na ya 7, hutumia ujazo wa 0.1 ml tu kwa kila sehemu, kwa hiyo kichupa kimoja kinahudumia watu kadhaa. Bado tunao wazazi na watu wazima wanaozunguka vituo viwili, vitatu, wakitafuta dozi, wakilipa nauli na kulipa chanjo, na wengine wanaacha njiani kwa sababu jeraha limekauka na fedha imekwisha. Mtu aliyeng'atwa na mbwa asiulizwe fedha. Hilo liandikwe, litiwe muhuri, libandikwe ukutani.

Kuna watakaosema watu wazima wa nchi hii hawachanjiki. Tarehe 28 Julai 2021 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera, akafungua chanjo ya UVIKO-19 nchini, tukianza na dozi zaidi ya milioni moja. Tulianza taratibu, katikati ya maneno mengi, na wengi wetu tulikatishwa tamaa na viti vitupu. Kisha utaratibu ukabadilika. Tukaacha kuwasubiri watu hospitalini, tukawafuata minadani, stendi, misikitini baada ya swala, makanisani baada ya misa, mashambani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakapita nyumba kwa nyumba. Watu walichanjwa kwa mamilioni, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, wakaandikwa kwenye mfumo wa kielektroniki na kupewa vyeti vyenye msimbo wa QR. Kumbe rejista ya mtu mzima inawezekana. Mfumo ule uliijua tarehe yake ya dozi, aina yake na kituo chake. Naomba usizimwe ukasahaulika. Uongezewe mistari mitatu: pepopunda, homa ya ini B, kichaa cha mbwa.

Kwa sababu leo kumbukumbu za chanjo za mtu mzima ni vipande vya karatasi. Anayekwenda Hija anajua chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa kuwa Saudi Arabia haimpokei bila cheti chake, nayo hutolewa angalau siku 10 kabla ya kufika. Dereva wa lori la Congo anaijua kadi ya njano kwa sababu mpakani anaiombwa. Na hata hapo taarifa hazijamfikia: tangu Julai 2016, kwa Kanuni za Afya za Kimataifa, chanjo moja ya homa ya manjano inatambuliwa kwa maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi. Wapo wanaochomwa tena na kulipa tena bila haja kwa sababu hawakuambiwa. Mtu mzima wa Tanzania anachanjwa pale nchi nyingine inapomdai. Nchi yake mwenyewe haijamdai wala kumpa.

Tuje kwenye fedha, maana najua ndiko barua hii itakakokwama. Chanjo za watoto tumezipata kwa msaada mkubwa wa Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo, na washirika wengine, na msaada huo haukuandaliwa kwa ajili ya homa ya ini ya watu wazima. Mwaka 2025 Marekani ilitangaza kuacha kuichangia Gavi. Siyo busara kumpangia mkulima wa Kilosa kinga yake kwa kutegemea uamuzi wa bunge la nchi nyingine. Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kuelekeza asilimia 15 ya bajeti kwenye afya, na ahadi hiyo tunaifahamu ilivyo hadi leo. Siiombi yote kwa siku moja. Naomba mstari mmoja wa bajeti ambao haupo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetupa nafasi ambayo vizazi vya wauguzi kabla yangu havikuwa nayo. Bima inayolipia kitanda cha uangalizi maalumu cha mgonjwa wa pepopunda na ikashindwa kulipia sindano ya kumzuia asifike pale, itajimaliza yenyewe. Naomba kitita cha msingi kiandikwe kwa majina: dozi za kuongezea nguvu za pepopunda na dondakoo kwa wanaume na wanawake, dozi tatu za homa ya ini B kwa aliyepimwa akakutwa salama, na chanjo ya kichaa cha mbwa kwa aliyeng'atwa. Neno "kinga" peke yake halitoshi. Dirishani mtu wa bima atatafuta jina la chanjo, asipoliona atamrudisha mgonjwa.

Na kwa TAMISEMI: zahanati ni zenu. Hata wizara ikiandika mwongozo mzuri kiasi gani, kama halmashauri haikuweka dozi hizi kwenye makisio yake ya mwaka na Bohari ya Dawa haikuletewa oda, jokofu litabaki na hesabu ileile ya watoto. Nesi wa zahanati mara nyingi yuko peke yake, asubuhi kliniki, mchana wagonjwa, usiku anazalisha. Msimwongezee kazi kwa waraka mtupu. Mpeni mwenzake, mpeni dozi, mpeni rejista, naye atafanya. Nawajua.

Siombi kila chanjo iliyopo duniani. Chanjo ya mafua ya kila mwaka na ile ya nimonia kwa wazee zina faida, na nchi tajiri zinazitoa. Zamu yake itafika hapa, si mwaka huu. Kwa wanawake waliopita umri wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, fedha iende kwanza kwenye uchunguzi, kwa sababu ndio unaowaokoa wao, na kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 mnaendelea vizuri na dozi moja tangu 2024. Dunia yenyewe, katika Ajenda ya Chanjo 2030 iliyopitishwa mwaka 2020 na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, yetu ikiwemo, ilikubali kwamba chanjo ni ya umri wote. Kwa hiyo siwaletei jambo geni.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, utakaposimama bungeni kusoma hotuba ya bajeti ya wizara yako, naomba mambo mawili yasikike kwa namba: ni watumishi wangapi wa afya, pamoja na wafanyausafi wa mikataba na wanafunzi walioko wodini, wamekamilisha dozi tatu za homa ya ini B kwa gharama ya Serikali, na ni fedha kiasi gani zimetengwa kununua chanjo za watu wazima kwa mwaka huo. Waheshimiwa wajumbe wa kamati, kama namba hizo hazitasomwa, naomba mziulize kabla hamjasema "ndiyo" kupitisha bajeti.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu,
Morogoro.